"Haiwaki" Maana Yake Nini? Uhakiki wa Istilahi za Kuhamisha Mashine za Kompyuta

Istilahi nyingi za kompyuta tulizo nazo katika Kiswahili ziliundwa kwa ajili ya mtu anayeketi mbele ya kioo akiandika barua. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na baada yake Windows yenye sura ya Kiswahili, ulisaidia kueneza hariri, hifadhi, chapisha, faili na maneno mengine ambayo karani wa leo huyatumia bila kujiuliza yametoka wapi. Kazi hiyo ilikuwa njema, nasi hatuna nia ya kuibeza. Lakini nyuma ya karani yumo fundi, katika chumba kilichofungwa chenye kipoza hewa, ambamo mna seva zinazobeba kazi za ofisi nzima. Fundi huyo hakufikiriwa sana. Ameachiwa aokote maneno mwenyewe, na mahali asipookota kitu huletewa mwongozo uliofasiriwa na mtu asiyepata kuingia katika chumba hicho.

Mwongozo mmoja wa namna hiyo ulitufikia kutoka Sumbawanga. Hatutaitaja ofisi iliyoutoa, kwa kuwa upungufu wake ni wa miongozo mingi tuliyoisoma. Unaeleza namna ya kuzirudisha mashine za kompyuta kutoka katika nakala za akiba na kuziweka chini ya programu nyingine inayozibeba, tofauti na ile zilimozaliwa. Si jambo la mbali. Kampuni ya Broadcom ilipoinunua VMware mwezi Novemba 2023, kisha ikaacha kuuza leseni za kudumu, ofisi nyingi ulimwenguni zililazimika kupiga hesabu upya, na si chache zilizoamua kuhamia Hyper-V ya Microsoft au KVM iliyomo ndani ya Linux. Kuhama huko kumefika hata katika ofisi zenye seva moja au mbili. Kwa hiyo lugha ya kazi hii inahitajika sasa hivi, tena inahitajika katika miji iliyo mbali na wataalamu.

Tuanze na jina la kitu chenyewe. Kompyuta moja ya chuma inaweza kubeba ndani yake kompyuta kadhaa zisizo na chuma chao wenyewe. Kila moja ina mfumo wake endeshi, diski yake na anwani yake ya mtandao, na kila moja hujiona kuwa iko peke yake. Wazo hili si geni, maana IBM ilikwisha kuliuza mwaka 1972 kwa jina la VM/370. Mwongozo unaiita kompyuta ya namna hiyo mashine pepe. Bila shaka mfasiri alifuata mfano wa barua pepe, ambamo wengi wanalihusisha pepe na upepo na wepesi wake. Katika barua neno hilo limekaa vizuri, na halitaondoka. Katika mashine halikai. Mkulima wa uwanda wa Ufipa anayepepeta ulezi wake anajua pepe ni nini: ni punje tupu, ganda lisilo na kiini, kitu cha kuachiwa upepo. Sasa mashine tunayoizungumzia ina kila kitu ila ganda. Ina mfumo, ina kumbukumbu za ofisi, na katikati ya mfumo huo mna sehemu ambayo wataalamu wetu wenyewe wamekwisha kuiita kiini. Kuiita pepe ni kusema kinyume cha ilivyo. (Wako pia wanaocheka kwa sababu nyingine, hasa katika mji ambao jina lake wenyeji wengi hulieleza kuwa ni amri ya kutupa uchawi, mashine yenye pepo hapo haikaribishwi.)

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta neno lililo bora. Mafundi wa lugha nyingine huziita mashine hizi wageni, na ile inayozibeba huiita mwenyeji. Na mgeni na mwenyeji ni maneno ambayo Mswahili hahitaji kufafanuliwa. Tunapendekeza mashine mgeni, mashine mwenyeji kwa kile chuma, na programu mwenyeji kwa programu inayowagawia wageni nafasi na kuwasimamia. Tumekwepa kwa makusudi kusema mashine ngeni, kwa kuwa ngeni ni kitu kisichofahamika, na hapa mashine inafahamika sana. Majina mawili yakiwekwa pamoja bila kiunganishi hayavunji sarufi. Tuna bata mzinga, tuna askari kanzu. Faida ya maneno haya ni zaidi ya kupendeza masikioni. Fundi akiambiwa kwamba mgeni ameondolewa kwa mwenyeji mmoja akapelekwa kwa mwingine, tayari amekwisha kupata nusu ya maelezo ya shida itakayomkuta. Mgeni atatafuta mlango pale alipouzoea, na mlango haupo.

Hapo ndipo tunapoligusa neno la pili, kurejesha. Mwongozo unalitumia kwa kazi mbili. Ya kwanza ni kuitoa mashine katika nakala ya akiba na kuiweka chini ya programu mwenyeji ile ile. Hii ni kurejesha kweli, kwa maana kitu kinarudi kilikotoka. Ya pili ni kuiweka chini ya programu mwenyeji nyingine. Hii si kurejesha hata kidogo. Ni kuhamisha, na kila mtu aliyewahi kuhama nyumba anajua kwamba kuhama kuna maandalizi yake. Fundi aliyesoma kurejesha alitegemea kwamba kitu kitarudi kama kilivyokuwa, na hakufanya maandalizi yoyote. Hatuwezi kumlaumu. Neno ndilo lililomwambia hakuna la kuandaa.

Sasa tufike kwenye neno lenye madhara makubwa kuliko yote. Katika mwongozo huu, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kitendo cha kompyuta kuanza kazi kinaitwa kuwaka, na kushindwa kwake ni kutowaka. Tuliyoyasikia kuhusu ofisi moja ya Sumbawanga yanatosha kuonyesha gharama yake. Mashine iliyokuwa na kumbukumbu za malipo ilihamishwa kutoka VMware kwenda KVM. Fundi akaianzisha, kikatokea kioo cha buluu chenye ujumbe wa Kiingereza na namba 0x0000007B, kisha ikajizima na kuanza tena, na tena, bila kukoma. Akafungua mwongozo, akakuta kichwa kisemacho habari ya mashine isiyowaka, akaandika taarifa kwenda Dar es Salaam kwamba mashine haiwaki. Aliyeipokea taarifa alisoma kama sote tungesoma: kitu kisichowaka hakina umeme. Kikatumwa kwa basi kile kisanduku cha umeme ambacho mafundi hukiita pawasaplai, zaidi ya kilomita 1,100 kupitia Mbeya na Tunduma, kwa ajili ya mashine ambayo, kwa kuwa ni mgeni asiye na chuma, haiwezi kuwa na pawasaplai. Wakati wote huo makarani walirudi kwenye madaftari, na watu waliofuata malipo yao waliambiwa waje wiki ijayo.

Namba ile ilikuwa inasema jambo jingine kabisa. Tulieleze kwa utaratibu, maana bila kuujua mwendo wa mashine hatuwezi kuupatia maneno. Umeme ukishafika, au kwa mgeni, mwenyeji akishampa ruhusa, huanza kwanza programu ya msingi iliyokazwa ndani ya mashine, ile ya kale iitwayo BIOS au ya kisasa iitwayo UEFI. Hiyo hutafuta diski, na katika diski hutafuta programu ndogo ambayo kazi yake ni moja tu, kukipakia kiini cha mfumo. Kiini kikishapakiwa hushika usukani, huitafuta diski kwa njia yake chenyewe, kisha huziamsha huduma moja baada ya moja. Windows inapoonyesha 0x0000007B imekwisha kupita hatua mbili za mwanzo salama. Kiini kipo, kimeanza kazi, ila hakiwezi kuifikia diski, kwa sababu kwa mwenyeji wa kwanza diski ilikaa nyuma ya kidhibiti cha aina moja, na kwa mwenyeji mpya iko nyuma ya kidhibiti cha aina nyingine ambacho hakina programu yake ndani ya mfumo. Dawa yake ni nyepesi kwa anayejua: ama kumpa mgeni kidhibiti cha aina ya zamani anachokifahamu, ama kuitia programu ya kidhibiti kipya ndani ya mfumo kabla ya kuhama. Haihitaji basi.

Linux nayo ina namna yake ya kukwama. Mifumo yake mingi hufunga furushi dogo la programu za kuanzia, mithili ya mtumishi anayechukua masurufu ya safari. Na katika baadhi ya matoleo furushi hilo huwekewa zile tu zinazohitajika na mashine ya wakati ule. Ukiihamisha, masurufu ni ya safari nyingine. Tena diski iliyoitwa sda kwa mwenyeji wa kwanza huitwa vda kwa mwenyeji wa pili, na mfumo ulioandikiwa jina badala ya namba ya utambulisho ya diski utaitafuta sda mpaka uchoke. Kisha kuna shida ya hatua ya kwanza kabisa: mashine iliyozaliwa katika BIOS ikipokewa na Hyper-V kama mashine ya kizazi cha 2, ambacho hutumia UEFI peke yake, haitaona pa kuanzia, nayo itatangaza kwamba hakuna diski inayofaa. Hizi ni shida tatu za hatua tatu, na dawa zake ni tatu. Mwongozo umezifunga zote katika neno moja, haiwaki.

Inasikitisha kidogo kwamba hili litokee Ufipa. Wahunzi wa uwanda huo waliyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo, karibu mita 3 kwenda juu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Magofu yake bado yanaonekana. Kilichotoka humo hakikuwa chuma cha kufulia jembe. Kilipelekwa kwanza katika tanuri la pili, dogo, lenye kuvuviwa kwa mivukuto. Tanuri la kwanza lina jina lake kwa Kifipa, ilungu, na la pili lina lake, kintengwe. Mhunzi aliyeambiwa kwamba kazi imeharibika katika kintengwe hakwenda kulibomoa ilungu. Hatusemi maneno hayo yaletwe katika kompyuta. Twasema tu kwamba watu wanaojua kazi huipa kila hatua jina, na lugha ya kazi hupimwa kwa hilo.

Basi kuwaka libaki kwa umeme. Taa ya mashine ikiangaza, imewaka; hapo neno limetimiza kazi yake. Kwa mwendo unaofuata, mpaka mfumo usimame tayari kwa kazi, twahitaji neno jingine, na wanaodai nafasi hiyo ni kadhaa.

Mafundi wenyewe husema kubuti. Wapo watakaolikataa kwa kuwa ni la kigeni na kwamba buti tayari ni kiatu, tena ni sehemu ya nyuma ya gari. Hoja hiyo haina nguvu. Hakuna fundi atakayedhani seva imevaa viatu. Kisa cha neno lenyewe ni cha kiatu hata hivyo: wasemaji wa Kiingereza walisimulia habari ya mtu anayejiinua kutoka ardhini kwa kuvuta vitanzi vya viatu vyake mwenyewe, na wanakompyuta wakaona kwamba programu ndogo inayoleta kubwa inafanana na mtu huyo. Upungufu wa kubuti ni kwamba kisa hicho hakikuja pamoja na neno. Kwa msikilizaji wa Kiswahili ni sauti tu.

Kuamka kunavutia, na tulikuwa karibu kulikubali. Lakini mashine huwekwa pia katika hali ya usingizi, na kutoka katika usingizi huo ndiko kuamka hasa. Neno limekwisha kupata kazi, na hatuoni sababu ya kulipa ya pili. Kuzinduka ni zuri zaidi kwa maana, kwa sababu ni kwa aliyezimia, siyo aliyelala. Hata hivyo mtumishi wa serikali asikiapo kwamba seva itazinduliwa Jumatatu atauliza utepe umenunuliwa au la, na mgeni rasmi ni nani. Zima kisha uwashe, tunaloliona katika simu za mkononi, ni maagizo kwa mwenye simu, wala si jina la kinachotendeka ndani.

Sisi twaona kujiinua ndilo. Linachukua kisa cha asili bila kuchukua kiatu. Linasema kweli juu ya mwendo wenyewe, kwamba kidogo huinua kikubwa kwa hatua. Na linazaa: mashine imejiinua, haikujiinua, imekwama katika kujiinua, diski ya kujiinulia. Ile programu ndogo inayokipakia kiini tunaiita kiinua mfumo, kwa kufuata kifungua kinywa na kipimajoto. Tunajua kwamba watumishi watakumbuka kiinua mgongo, na hatuoni ubaya. Neno ambalo mtu analikumbuka kwa furaha halipotei upesi. Katika karakana kubuti litaendelea kusemwa, na halina haja ya kupigwa vita. Katika mwongozo, katika taarifa na katika mtihani yafaa kuandikwa kujiinua.

Fundi wa Sumbawanga angeandika hivi: mashine mgeni inawaka, kiinua mfumo kimefanya kazi, kiini kimekwama kwa kutoiona diski. Aliyeko Dar es Salaam angejibu kwa simu siku ile ile.

Liko neno jingine linalohitaji kusemwa kwa ukali kidogo, nalo ni kiendeshi. Katika sehemu moja ya mwongozo kiendeshi ni diski, kile kitu chenyewe kinachohifadhi. Katika sehemu nyingine ni programu inayouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa. Katika kazi nyingi mchanganyiko huu ungepita bila kudhuru. Katika kazi ya kuhamisha mashine ni msiba, kwa sababu shida mbili zilizo kinyume huelezwa kwa sentensi moja. Ukisema kiendeshi hakikupatikana, je, ni diski haipo, au diski ipo ila programu yake haipo? Anayedhani ni la kwanza ataikata nakala ya akiba kuwa imeharibika, na huenda akaifuta ili aanze upya. Tumeambiwa ilikaribia kutendeka. Kiendeshi kiwe jina la programu peke yake. Diski iitwe diski, kama inavyoitwa na kila mtu.

Kuhusu mtandao mwongozo hausemi kitu, nasi hatutakawia hapo. Mara nyingi mgeni hujiinua vizuri kwa mwenyeji mpya, lakini kadi yake ya mtandao ni mpya, na anwani ya zamani imebaki imefungwa kwenye kadi ambayo haipo tena. Kwa karani mashine imekufa; kwa fundi ni nzima, ila haifikiki. Haifikiki latosha kabisa, na ni la kawaida. Yafaa tu liandikwe mahali linapotakiwa, badala ya haiwaki.

Twajua kwamba wasomaji wetu walimu watauliza kama neno lolote la Kifipa au la lugha nyingine ya bara lilitafutwa kabla ya kuamua. Utaratibu wa kuanza na Kiswahili chenyewe, kisha lugha za Kibantu, kisha nyingine za Afrika, umetupatia ikulu na bunge, na tunauheshimu. Safari hii Kiswahili chenyewe kilitosha. Mgeni, mwenyeji, kuhama, kuinua: hakuna hata moja lililohitaji pasi ya kusafiria.

Limebaki jambo moja linalowahusu wafasiri. Mfasiri wa mwongozo aliufasiri pia ujumbe unaotokea katika kioo, akauweka kwa Kiswahili peke yake. Tunafahamu nia yake. Lakini mashine yenyewe haijafasiriwa, na fundi anayetafuta katika mwongozo maneno anayoyaona mbele yake hatayakuta. Ujumbe wa mashine uachwe herufi kwa herufi kama unavyotokea, pamoja na namba yake, katika mstari wake wenyewe. Chini yake ndipo yaje maelezo ya Kiswahili, yakitaja ni hatua gani ya kujiinua iliyokwama na nini kifanywe. Mapendekezo haya yote yatapelekwa katika kikao cha istilahi pamoja na nakala ya mwongozo, na wenye maneno bora kuliko kujiinua na kiinua mfumo wanaombwa wayalete kabla ya hapo, yakiwa na sentensi tatu za taarifa ya fundi ambamo neno limetumika.